Soksi za Padri

Harufu ya mafuta ya taa yakimwagika juu ya udongo mkavu hunirudisha Masii kila mara, hata kama niko katika duka la vifaa vya ujenzi Athi River na aliyeyamwaga ni mwuzaji tu aliyeshika faneli vibaya. Wako watu wanaoipenda harufu hiyo. Mimi hunipanda kooni na kukaa hapo, na nikiweza hutoka nje nikasubiri ipite. Udongo wa kwetu ni mwekundu, na kiangazi huukausha hadi ukawa mgumu kama tofali. Ukiumwagia mafuta ya taa hauyanywi papo hapo, huyaacha kwanza yatambae juu yake yakitafuta tundu. Hilo nililiona nikiwa na miaka tisa, nikimtazama baba yangu akiinamia ukingo wa mtaro nyuma ya nyumba ya nyanya, akimimina mafuta katika mashimo ya buibui kisha akiwasha kiberiti. Alikuwa akiwaadhibu kwa kosa ambalo hawakulifanya. Msimu huo ndio uliomchukua mdogo wangu Mwende, na kwa kuwa kila anayesikia habari zake huniuliza kama kweli buibui anaweza kumwua mtu, afadhali nieleze mwenyewe, tangu mwanzo.

Wazazi wetu walikuwa wakifanya kazi Athi River, baba katika kiwanda na mama katika kiwanda kingine, nasi tulizaliwa na kulelewa katika chumba cha kupanga huko huko. Kila shule zilipofungwa tulipelekwa kwa Susu, ambaye ndiye nyanya yetu mzaa baba. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na sikuwahi kumwita kwa jina lingine. Mwaka huo mvua za masika zilikuwa zimetudanganya. Zilinyesha kidogo, mahindi yakachomoza, kisha zikaondoka, na kufikia likizo ya Agosti shamba lilikuwa na mabua ya rangi ya majivu yaliyogongana kwa upepo siku nzima. Hapakuwa na cha kuvuna, kwa hiyo akina mama walichimba. Kwetu kuna mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu, na zamu ilikuwa imefika shamba la Susu. Walikuwa wakichimba mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua ijayo, kama ingekuja, wakiutupa udongo upande wa juu na kuacha ukingo mrefu uliosimama wima. Kiongozi wao alikuwa Mama Kioko, jirani yetu wa karibu, mwanamke mnene, mpole, aliyeweza kuchimba huku akisimulia habari za mji mzima wa Masii bila kukosa pumzi.

Ukingo ule ndio uliotufungulia nyumba za buibui. Majembe yalipokata udongo yalikata pia mashimo yao, tukaona yalivyo kwa ndani: kila shimo lilikuwa na bitana ya hariri nyeupe, safi, laini, kutoka mlangoni hadi chini kabisa. Bitana hiyo ukiivuta polepole hutoka nzima, ndefu, imefumwa bila mshono, na sisi tuliiita soksi. Walikuwepo wadogo weusi ambao soksi zao zilifungwa pande zote na kutokeza juu ya ardhi, zikiwa zimepakwa udongo hata ukadhani ni mzizi wa mti. Mende akipita juu ya mzizi huo, meno mawili hutoboa kitambaa kutoka ndani, akavutwa, na baadaye mwenye nyumba hushona palipotoboka. Nilikaa saa nyingi nikingoja kuona hilo, na nilipoliona mara ya kwanza sikula vizuri siku hiyo. Na walikuwepo wakubwa, wenye manyoya, wa rangi ya nyasi kavu, mmoja aweza kuijaza sahani ya kikombe. Hawa ukiwachokoza na kijiti hawakimbii. Huinua miguu ya mbele juu kabisa, hukaa hivyo, na hutoa mlio kama wa mtu anayefuta sufuria kwa mchanga. Padri wa parokia yetu naye huinua mikono namna hiyo altareni, kwa hiyo buibui wale wote tuliwaita Padri. Susu aliposikia alitukanya, akasema tutakwenda kuungama, lakini nilimwona akigeuka ili acheke.

Mwende hakuwa ameanza darasa la kwanza. Alikuwa mtoto mtiifu kuliko watoto wote niliopata kuwajua, na nasema hivyo bila kumpamba kwa sababu amekufa. Utiifu wake ulikuwa ukiniudhi. Ukimwambia usiguse, hagusi. Ukimwambia salimu, husalimu hata mbuzi. Wanasesere wake walikuwa magunzi ya mahindi, na soksi za Padri ndizo zilizokuwa nguo zao. Nikimtolea soksi kwenye ukingo, aliikung'uta udongo, akalivisha gunzi, akalifunga kiunoni kwa uzi wa katani, na likawa bibi harusi. Alikuwa na mabibi harusi wengi. Mmoja alimpenda zaidi, gunzi fupi lenye nguo nyeupe hasa, na alikwenda nalo hata chooni.

Sasa lazima nieleze neno moja, kwa maana mambo yote yalisimama juu ya neno hilo. Babu yetu, ambaye sikumkuta, alifanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi, na huko alijifunza kwamba nyoka hatajwi kwa jina. Ukimtaja, anasikia, naye huja kuona ni nani anayemwita. Watu wa huko walimwambia aseme mdudu. Alirudi na desturi hiyo pamoja na kanzu mbili, akamwachia Susu, na Susu akaishika kwa nguvu kuliko babu mwenyewe. Neno la Kikamba ni nzoka, la Kiswahili ni nyoka, na Susu alisema hayo ni ndugu wa tumbo moja, ukimwita mmoja wanaitika wote. Kwa hiyo ndani ya boma lile, katikati ya mazungumzo ya Kikamba kitupu, ulisikia neno moja la Kiswahili limekaa peke yake: funga mlango, mdudu asiingie, usikanyage kuni hizo, jana niliona mdudu. Baba alilelewa nalo. Mimi niliwahi kuteleza nikasema nzoka nikiwa jikoni, nikachapwa mwiko mkononi. Mwende hakuteleza hata mara moja.

Yeyote wa boma letu aliposema mdudu, sote tulijua ni yupi. Lakini nje ya boma, mdudu alikuwa mdudu tu, kama anavyojulikana na watu wengine wote: siafu, nyigu, buibui. Tena sisi tulikuwa watoto wa Athi River, tuliochanganya Kiswahili na Kikamba katika kila sentensi, na akina mama wa mwethya walikuwa wamezoea kutucheka kwa hilo.

Mwanzoni mwa likizo mimi mwenyewe niliumwa na Padri. Nilikuwa nimemvuta kwa jani la nyasi hadi mlangoni, nikajiona fundi, nikamshika. Meno yake yaliingia katika kidole cha shahada na nililia hadi sauti ikakauka. Mkono ulivimba hadi kwenye kiwiko, ukawaka moto siku nzima na siku iliyofuata. Susu alikata jani la kiluma, ile shubiri chungu inayoota kando ya ua, akanipaka utomvu wake na kunifunga kitambaa. Akina mama wa mwethya walikuja kunitazama mmoja mmoja, wakanipa pole, wakanitania kwamba nimepigwa kofi la kipaimara, lile ambalo askofu humpiga mtoto shavuni. Wiki haikuisha nikarudi kwenye ukingo. Tangu hapo kila mtu pale alijua jambo moja la hakika kuhusu Padri: anauma sana, lakini haui. Na ni kweli, haui.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko. Susu aliondoka asubuhi na kikapu chake cha kyondo kwenda Masii kutafuta mahindi, kwa sababu ya ghalani yalikuwa yameisha. Mimi nilitumwa na mtungi kwenye silanga, lile bwawa la kuchimbwa lililo ng'ambo ya kilima, ambalo maji yake kwa wakati huo yalikuwa tope la kuchujwa kwa kitambaa. Mwende alibaki na akina mama mtaroni. Waliyonieleza baadaye ni haya. Walimsikia akipiga ukelele mmoja, si mkubwa. Wakamwona anakuja kwao ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, anatembea, hakimbii. Mama Kioko akamwuliza nini, naye akajibu alivyofunzwa: mdudu ameniuma. Wapi? Pale shimoni. Akaonyesha ukingo uliojaa mashimo ya Padri, na kweli chini ya shimo mojawapo alikuwapo Padri mzima, amesimama, miguu juu.

"Ni huyo padri wao," Mama Kioko aliwaambia wenzake. "Dada yake si aliumwa juzi, na si huyu anatembea kila mahali."

Nisiwalaumu. Nimejaribu kuwalaumu kwa miaka mingi na nimeshindwa kupata mahali pa kuanzia. Walifanya yote ambayo Susu aliyafanya kwangu. Walikata kiluma, wakampaka, wakamfunga kitambaa safi, wakamlaza kwenye leso katika kivuli cha ghala, na mmoja wao akaacha kuchimba ili akae naye. Nilipofika na mtungi kichwani nilimkuta amelala pale, macho nusu wazi, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo. Nilifungua kitambaa nikautazama mkono. Palikuwa na vitone viwili na wekundu kidogo, basi. Nilimwambia Mama Kioko kwamba wangu ulikuwa umevimba wote.

"Basi Mungu amemsaidia," akasema. "Wake haujavimba."

Nami nilifurahi. Nakumbuka vizuri kwamba nilifurahi, nikakaa kando yake nikimfukuzia nzi. Kope zake zilikuwa zimemlegea kama za mtoto aliyelia akachoka, na akina mama walisema kwa sauti ya chini tumwache alale, usingizi ndio dawa. Aliniambia kitu, lakini ulimi ulikuwa mzito na sikukielewa. Nilidhani anauliza bibi harusi wake yuko wapi, kwa maana hakuwa naye.

Susu alirudi jua likiwa bado juu. Alituona tangu njiani, tumekaa tumemzunguka mtoto, akaharakisha. Mama Kioko alimpokea kwa maneno ya kumtuliza: asihofu, ni mambo ya watoto, ameumwa na wale buibui. Susu akauliza nani amesema ni buibui. Mama Kioko akasema mtoto mwenyewe, amesema ni mdudu. Kyondo kilimwanguka Susu begani, mahindi yakamwagika hadi miguuni pa watu, na hakuna aliyeinama kuyaokota. Alipiga magoti, akaukamata uso wa Mwende kwa mikono yote miwili.

"Mdudu gani, mama? Wangu au wenu?"

Ilibidi amwulize tena. Mwende alijitahidi kufungua macho, na kope hazikunyanyuka.

"Wako, Susu."

Hapo Susu alisimama na kulitamka lile neno. Alilisema kwa Kikamba, nzoka, wazi, kwa sauti kubwa, neno ambalo sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Akina mama wote waliinuka kwa pamoja, kila mmoja akishika kitu, jembe, leso, mtoto wa mgongoni. Mama Kioko alikimbia hadi barabarani, na unene wake wote, kutafuta bodaboda. Susu alipanda nyuma ya dereva, Mwende amefungwa mbele yake kwa leso ile ile, nami niliachwa nikiwatazama hadi vumbi lilipotua. Kituo cha afya hakikuwa mbali. Lakini walikuwa wamemwacha alale muda wote ule wa mchana, na pumzi yake ilikwisha njiani, karibu na mji, mahali ambapo maduka yanaanza. Susu aliniambia alijua tu kwa uzito.

Habari iliyomfikia baba kwa simu ilikuwa ile ya kwanza, ya buibui, kwa kuwa aliyepiga simu aliipiga mapema, na simu ya pili ilimwambia tu kwamba mtoto amekufa. Alifika kesho yake asubuhi na mama, mama akiwa ameshikwa na wanawake wawili, na baba hakuingia ndani. Alichukua mafuta ya taa jikoni na kwenda moja kwa moja kwenye ukingo. Susu alimfuata akimwambia si hao, si hao, mwanangu, ni nzoka, na baba alikuwa kama kiziwi. Alimimina na kuwasha. Hariri haichukui muda, hujikunja na kwisha. Padri mmoja alitoka anawaka, akainua miguu ya mbele kama kawaida yake, akabaki hivyo hivyo. Nilitaka kupiga kelele kwamba huyo ndiye aliyenipiga kofi la kipaimara, kwamba namjua, hana kosa. Nililia tu, na watu wakadhani ninamlilia Mwende, na nilikuwa nikimlilia Mwende pia.

Mafuta yalipokwisha, baba alishika jembe akaanza kuubomoa ukingo wenyewe. Karibu na mwisho wake alifungua shimo ambalo halikuwa na soksi. Mlango wake ulikuwa mpana, laini, wa udongo mtupu, nadhani lilikuwa shimo la panya wa zamani. Ndani, umbali wa mkono wa mtoto, palikuwa na gunzi fupi lililovaa nguo nyeupe. Nyuma yake palikuwa na gamba la nyoka, limekauka, refu, halina mwenyewe. Baba alilitoa lile gunzi, akalipangusa udongo kwa kidole gumba, akaketi chini. Ni mara ile tu nilipomwona akilia. Mwenye gamba lile hatukumwona siku hiyo wala siku nyingine.

Tulimzika Mwende chini ya shamba. Padri, yule wa kweli, alisema Mungu huchuma maua mazuri kwanza, nami nilimchukia kwa maneno hayo na sijaacha. Baada ya muda mama alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Musyoka, yaani aliyerudi, maana ndivyo tunavyomwita anayezaliwa nyuma ya kifo. Ni ndugu mwema, nampenda. Lakini hakurudi mtu. Susu naye aliishi miaka kadhaa zaidi, na alibadilika kwa jambo moja ambalo majirani walilihesabu kuwa wazimu. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alikwenda kusimama kwenye ukingo ule uliobomolewa na kuita nzoka, nzoka, nzoka, kwa sauti ya mtu anayemwita jirani. Mwanzoni nilidhani anamtaka aje ampige. Siku hizi nadhani alikuwa akitaka sisi tusikie.

Leo ninaishi chini ya vilima vya Lukenya, katika kiwanja kidogo kilichozungushiwa waya. Wanapolipua mawe machimboni madirisha hutetemeka, na udongo wa huku si mwekundu kama wa Masii, lakini Padri yuko. Nilimkuta mwaka tulipojenga, kando ya msingi, mlango wake mviringo umetandikwa hariri safi. Fundi alikuja na mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda na nikamwambia ayarudishe alikoyatoa. Alinitazama kana kwamba nimepigwa na jua. Binti yangu anaitwa Nduku, jina la Susu, na umri wake umeshaupita wa Mwende. Nimemwonyesha soksi za Padri kwa mbali, nimemfundisha kwamba shimo lisilo na soksi ni la mwingine, na majina yote nimempa, kwa Kikamba, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza chake cha shuleni. Yeye ana hospitali karibu, ana simu ndani ya nyumba, ana barabara ya lami. Sina hakika kama lolote kati ya hayo lingemsaidia mtoto ambaye hajui, au hajaruhusiwa, kusema ameumwa na nini.

Juzi Jumamosi nilikuwa nikifua nyuma ya nyumba niliposikia Nduku akipiga kelele upande wa mbele. Alikuwa akiita nyoka, nyoka, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Nilifika pale na povu mikononi, nikawakuta majirani watatu wameshaingia langoni, mmoja na fimbo, na mtoto amesimama juu ya kiti akionyesha kidole kwenye nyasi. Ulikuwa mpira wa maji, ule mweusi wa kumwagilia sukuma, umejiviringa juani. Majirani walicheka sana. Mimi nilimshusha kitini, nikamwambia amefanya vizuri, na akiona tena aite hivyo hivyo.

"Wewe nawe utamharibu mtoto," akaniambia jirani yangu, mama mmoja wa Pwani tunayeheshimiana naye. "Kwetu mtoto hufunzwa adabu, husema mdudu."

Nikamjibu kwamba nilikuwa na mdogo wangu aliyesema kwa adabu. Akaniuliza huyo mdogo wangu yuko wapi siku hizi. Nikamwambia yuko Masii.